Barua kwa mwanangu aliyefunga kavu

Bagamoyo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Mama yako mdogo amefika juzi kutoka Dar, na kabla hajakaa vizuri alishaanza kutueleza. Kwamba uko siku ya nne hujala wala hujanywa. Kwamba vidonge vya presha umeviacha tangu mwezi uliopita, kwa sababu mtumishi alikutamkia uponyaji mbele za watu. Kwamba mshahara wako wa mwisho kabla ya kuhamia Mwanza umeutoa wote huko kanisani kwenu kuwa mbegu. Nimekupigia, simu inaita tu bila kupokelewa. Ndiyo maana naandika. Mama mdogo anarudi kesho alfajiri, atakukabidhi mkononi.

Kabla hujaendelea kusoma, kunywa maji. Koroga uji, unywe. Meza kidonge. Barua haitakimbia.

Sikukatazi kufunga. Nimekuwa katekista zaidi ya nusu ya maisha yangu, siwezi kumwambia mtoto wangu kwamba mfungo ni upuuzi. Kinachoniuma ni haya anayosema mama mdogo, kwamba pale mnapoabudu mnaambiwa kila siku kuwa mmerudi kwenye Kanisa la mwanzo, Kanisa la Mitume, na kwamba sisi wa misheni tumelala. Mimi hilo Kanisa la mwanzo nalipenda. Nimelisoma na kulifundisha. Sasa ngoja nikwambie walivyofunga.

Kuna kijitabu kinaitwa Didake, yaani Mafundisho ya Mitume. Wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilipotea karne nyingi, nakala yake ikaja kuonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Humo Wakristo wanaambiwa wafunge Jumatano na Ijumaa, na wasali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Basi. Miaka kama mia moja baadaye Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Kartago, Afrika Kaskazini, anaeleza mfungo huo wa Jumatano na Ijumaa, na kwa kawaida ulikuwa unaishia saa tisa. Saa tisa alasiri mtu anakaa na wenzake anakula. Kesho yake yuko kazini kwake kama watu wote.

Najua utanijibu Esta, utanijibu Musa, utanijibu Bwana mwenyewe jangwani. Ni kweli walikuwepo waliofunga zaidi, hasa kabla ya Pasaka. Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika kwamba wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na bado waliishi kwa amani wala hawakulazimishana. Lakini sikiliza hili, na nakuomba ulisome mara mbili. Katika Mapokeo ya Kitume, kitabu cha taratibu za Kanisa ambacho kwa muda mrefu kimehusishwa na Hippolito wa Roma, mwanzoni mwa karne ya tatu, kuna maelekezo ya mfungo wa Pasaka. Mjamzito au mgonjwa asiyeweza kufunga zile siku mbili anaambiwa afunge Jumamosi tu, ale mkate na anywe maji. Mkate na maji, mwanangu. Huo ulikuwa mfungo wa mgonjwa, tena kwenye mfungo mkubwa kuliko yote ya mwaka, wakati ambapo watu walikuwa wanauawa kwa ajili ya imani. Hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo.

Na wewe una presha. Daktari alikwambia mbele yangu kwamba vidonge haviachwi kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza.

Majirani zetu hapa wanafunga mwezi mzima, unajua jinsi mtaa unavyokuwa, na hata kwao mgonjwa ana ruhusa ya kula. Bi mkubwa wa nyumba ya pili ana sukari, Ramadhani iliyopita alikula mchana na hakuna aliyemnyooshea kidole. Alitoa chakula kwa maskini badala yake, na jioni akatuletea kaimati kama kawaida.

Hapo kwenye kutoa ndipo penyewe. Kuna kitabu cha karne ya pili, Mchungaji wa Herma, watu wa zamani walikipenda sana. Herma anaambiwa: siku unayofunga, kula mkate na maji tu, kisha piga hesabu ya chakula ambacho ungekula siku hiyo, fedha yake umpe mjane au yatima au mhitaji. Kopo la maziwa la mama yako unalijua, siku za Kwaresima. Bado analo. Ijumaa moja ya Kwaresima iliyopita nilimwona anaweka fedha ya vibua vitatu, nazi moja na fungu la nyanya, akahesabu tena, akakumbuka na limau, akaongeza. Jumapili baada ya misa lilienda lote kwa yule bibi wa karibu na bandari ya zamani asiye na mtu. Mama yako hajawahi kusoma Herma. Nilimsomea kipande hicho wiki hii akaniambia, kwani wengine wanafungaje?

Sasa fedha yako wewe imekwenda kwa nani? Sikuulizi kwa sababu ya fedha. Mdogo wako ada yake nimeshaitafutia njia nyingine, hilo usiliwaze. Nakuuliza kwa sababu Didake inasema wazi kuhusu manabii: anayekuja na kusema kwa Roho "nipe fedha", msimsikilize, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wengine wenye shida. Anayetumwa akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anapolala, akidai fedha ni nabii wa uongo. Hayo waliandika watu waliokuwa na manabii wa kweli kati yao, waliowaheshimu na kuwapa malimbuko ya mavuno yao. Na Tertuliano anaeleza sanduku la Kanisa lao, kila mtu anatia kidogo mara moja kwa mwezi akipenda na akiweza, hakuna anayelazimishwa, kwa maana hakuna kitu cha Mungu kinachouzwa. Zilikwenda kulisha na kuzika maskini, kulea yatima, kuwatunza wazee na waliofungwa kwa sababu ya imani. Yale mafuta ya upako mnayonunua pale mlangoni, Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wampake wakimwombea, wala hataji bei. Petro alimwambia Simoni, aliyetaka kununua kipawa cha Mungu, fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Unakijua kisa hicho kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa unasoma masomo pale kanisani sauti haitetemeki, hata wazee wakawa wanauliza huyu ni binti wa nani. Nilikuwa najibu haraka sana.

Sisi kwenye ukoo huu mambo ya fedha za Kanisa tunayajua kwa njia nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, na habari ya babu wa babu yangu kukombolewa kwenye soko la watumwa huna haja nikurudie. Ila sidhani niliwahi kukwambia kwamba walikuwa wanafuata jambo la kale sana. Mwaka 253 hivi, Sipriani, askofu wa Kartago, alisikia kwamba Wakristo wa Numidia wametekwa na washenzi. Alichangisha waumini wake, wakapata sesta 100,000, sarafu za Kirumi, akazituma kuwakomboa, pamoja na orodha ya majina ya waliotoa ili waombewe. Ukipita kule makaburini pa misheni jina la babu yetu halipo kwenye jiwe lolote, lakini alikombolewa kwa michango ya watu wa mbali asiowajua, akaishi mtu huru. Siwezi kunyamaza nikiona mjukuu wake anadaiwa fedha ili abarikiwe.

Umekunywa maji?

Mama yako anasema ukali huu wa kujitesa hukuufuata Dar, uliukuta ndani ya nyumba hii, kwa mtu aliyekuwa anawakagua watoto midomo Ijumaa Kuu. Tumezungumza mimi na yeye. Sina cha kuongeza, ila ukifika Mwanza usifunge kwa kunifurahisha mimi wala kwa kumwogopa mtu.

Ufunge hivi, kama daktari ataruhusu, na umuulize kweli, usiniambie umemuuliza. Jumatano au Ijumaa moja, uji asubuhi na kidonge chako, mchana upitishe na maji, saa tisa ule. Akikataa, acha sukari kwenye chai na utoe fedha yake, inatosha. Sali saa tatu, saa sita na saa tisa, Baba Yetu moja tu hata ukiwa dukani unahesabu mzigo, hakuna atakayejua. Tafuta jumuiya ndogondogo ya karibu na unapolala wiki ya kwanza, usingoje uzoee mji. Yustino Mfiadini, akieleza Jumapili ya Wakristo wa Roma katikati ya karne ya pili, anasema wasiokuwepo walipelekewa Ekaristi na mashemasi nyumbani. Maana yake kila mtu alikuwa na watu wanaojua hayupo. Wewe kule Dar umekaa siku nne bila kula wala kunywa na aliyejua ni mama mdogo, aliyepita kwa bahati. Maelfu wote wale mnaokusanyika nao, hakuna aliyekugongea mlango.

Na usiniambie kwamba dawa ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Basili Mkuu, ambaye hotuba zake juu ya mfungo zinasomwa mpaka leo, ndiye huyo huyo aliyejenga nje ya mji wa Kaisaria, karne ya nne, nyumba kubwa ya wagonjwa na maskini, yenye matabibu.

Huku tuko salama. Bati la jikoni upande wa mwembe limeoza, mvua za vuli zikianza litavuja, fundi amesema tununue manne. Goti la mama yako linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Kile kitanda chako mdogo wako amekihamia, lakini ukija atakipisha.

Nimempa mama mdogo nauli yako ya kuja na kurudi, na vidonge vya mwezi mmoja, nimevinunua leo kwa cheti chako cha zamani. Angalia kama miligramu ni zile zile, kama sivyo unipigie nikavibadilishe kesho kabla duka halijafungwa. Ukivipata, meza kimoja mbele yake. Nimemwambia asiondoke hapo mpaka aone.

Baba yako

Mama yako anasema upokee simu.