Risala ya wavuvi, waanika usipa na wachuuzi wa samaki wa mwambao wa Ziwa Nyasa kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na wa Chama mlioambatana naye,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, akina mama, vijana na wageni wote waalikwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na uzito wa majukumu yako. Ungeweza kutuma mwakilishi, kama walivyofanya baadhi ya waliokutangulia. Umekuja mwenyewe, na hilo tumeliona.

Tunaishukuru Serikali kwa lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay uliyopita leo. Wenye umri wanakumbuka masika ya zamani, lori la usipa, dagaa wa ziwa letu, linalala mlimani siku mbili na mzigo unaanza kunuka kabla ya kufika Mbinga. Tunashukuru kwa MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, na kwa bandari inayojengwa Mbamba Bay. Hayo ni mambo makubwa, na tunayasema kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulianza kama kikundi cha kuzikana, ukawa mfuko wa kukopeshana, na leo unaunganisha wavuvi, akina mama waanika usipa na wachuuzi wa mwambao huu wa Wilaya ya Nyasa. Mafanikio yake ni ya kujivunia. Tumejenga vichanja vya kisasa vya kuanikia, hivyo usipa wetu hauna tena mchanga na unagombewa sokoni hadi Songea na Njombe. Tumepiga vita makokoro na uvuvi wa vyandarua kwa nguvu zetu wenyewe, na samaki aina ya mbasa wanaopanda mitoni kuzaa wameanza kuonekana tena. Tumejenga choo cha mwalo wetu wa kushushia samaki. Tumenunua majaketi ya kuokolea, na wanachama wanayavaa. Tunathubutu kusema kwamba mialo mingi ya ziwa hili inajifunza kutoka kwetu.

Baada ya kusema hayo, kwa heshima na taadhima tunaomba utuvumilie, maana jambo lililotufanya tuandike barua ya mwaliko na kuirudia ni moja. Ni mpaka wa ziwa hili kati ya nchi yetu na Malawi, na mazungumzo yake yasiyokwisha.

Wewe unakaa katika vikao ambamo habari za ziwa zinazungumzwa, kwa hiyo hatutakufundisha historia. Tutaitaja kwa ufupi ili vijana wetu waliokaa hapa mbele waisikie. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba wa kugawana nchi zetu. Humo waliandika kwamba mpaka utafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe. Hakuna babu yetu aliyeulizwa. Mwaka 1914 Vita Kuu ilipoanza, meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo hapa hapa Liuli, na maji yetu yakaingia kwenye vita ya watu wengine.

Ndugu zetu wa Malawi wanausimamia mkataba ule, yaani maji yote ya mbele yetu ni yao, na wanasimamia pia azimio la nchi huru za Afrika la Cairo, mwaka 1964, kwamba tuheshimu mipaka tuliyoirithi. Ni hoja, na hatuidharau. Nchi yetu, kwa upande wake, inasema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya sheria za kimataifa kwa maziwa yanayopakana na nchi zaidi ya moja. Sisi wa mwambao tunasimama na nchi yetu, na tuna sababu mbili ambazo tungependa uzibebe hadi mezani.

Ya kwanza iko kusini mwetu. Msumbiji iko kwenye ufukwe huu huu wa mashariki, na mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana mpaka upite katikati ya ziwa. Kwa hiyo mvuvi wa Msumbiji ana maji yake, lakini mvuvi wa Mbamba Bay, aliye jirani yake kabisa, anaambiwa maji yake yanaishia kwenye mchanga. Ya pili imo ndani ya mkataba wenyewe wa 1890. Ibara yake ya 6 inasema mistari iliyochorwa inaweza kurekebishwa kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali husika. Waliouandika walijua kwamba wanachora wasichokijua. Walituachia mlango, na kwa ziwa hili, zaidi ya miaka 130 haujapitiwa.

Ukigeuka kidogo nyuma ya turubai hili, Mheshimiwa, utamwona mama anasuuza sufuria, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Mpaka ukiwa ufukweni, mama huyo yuko nje ya nchi yake. Na ufukwe wenyewe hautulii. Mvua zikizidi, maji yanapanda hadi mashamba ya muhogo, yakishuka yanaacha mchanga mpana. Hatuelewi ni mpaka wa namna gani unaohama na mvua.

Mwaka 2012 Malawi ilikuwa imeruhusu utafutaji wa mafuta na gesi ziwani, na jina la ziwa letu likawa redioni asubuhi na jioni. Wajumbe wa nchi mbili walikutana Mzuzu na Lilongwe. Mwezi wa Oktoba Malawi ikajitoa kwenye mazungumzo, Novemba yakarudi Dar es Salaam, na ikakubaliwa kwamba suala lipelekwe kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika chini ya Mzee Joaquim Chissano, akiwa na Mzee Thabo Mbeki na Mzee Festus Mogae. Sisi tulifurahi. Wazee watatu wa heshima, wote wa kanda yetu, tukasema sasa jambo limepata wenyewe.

Mwaka ule ule viongozi walifika huku kwa msururu wa magari ambao hatukuwahi kuuona. Tuliambiwa tusiwe na hofu, tuendelee na shughuli zetu, mazungumzo yanakwenda vizuri, na tutaletewa mrejesho. Tulipiga makofi. Baadaye akaja kiongozi mwingine, naye akatuambia mrejesho uko njiani. Akafuata mwingine aliyetuomba tuandike maoni yetu. Tukayaandika, tukayachapisha kwa fedha za mfuko, na akaondoka nayo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatumlaumu mtu kwa jina. Tunasema tu kwamba mrejesho ule haujafika hadi leo tunapokusomea risala hii. Tangu wakati huo uongozi wa nchi yetu umetoka kwa Mheshimiwa Kikwete, ukaenda kwa Hayati Magufuli, na sasa uko kwa Mheshimiwa Rais Samia. Wenzetu wametoka kwa Mama Joyce Banda, wakaja Mheshimiwa Peter Mutharika, Mheshimiwa Lazarus Chakwera, na sasa Mutharika tena. Watoto waliokuwa mgongoni mwaka 2012 leo wanavuta nyavu.

Tunajua diplomasia haiendi kwa pupa. Lakini wakati wakubwa wanazungumza, uvuvi hausimami. Tukueleze jambo moja ulione kwa jicho letu.

Ukifika msimu wa mwera, upepo unatoka kusini mashariki na kusukuma kila kinachoelea kuelekea ng'ambo. Mwanachama wetu mmoja alitoka jioni na vijana wake wawili kuvua usipa kwa taa. Usiku injini ikazima. Walipiga makasia hadi mikono ikachubuka, mwera ukawashinda, na kulipokucha walikuwa wanaiona Malawi kwa karibu. Wanakijiji wa kule waliwapokea kama ndugu, wakawapa uji na nguo kavu, kwa kuwa tunaelewana lugha na wengine ni shemeji zetu. Kisha wakaja askari wa doria. Walitaka karatasi. Leseni ya uvuvi aliyokuwa nayo, aliyoilipia kihalali huku kwetu, haikutambulika kule. Vijana walirudi baada ya siku kadhaa. Nyavu, taa na injini havikurudi. Mwenye chombo alikuwa na mkopo wa mfuko wetu, na bado anaulipa kwa kubeba mizigo ya watu mwaloni.

Alipokwenda kuuliza ofisini, aliambiwa jambo hilo ni la ngazi ya kitaifa. Akauliza ngazi ya kitaifa anaipataje. Hakujibiwa.

Haki itupasayo kuisema ni kwamba na wavuvi wa ng'ambo yamewakuta ya kuwakuta upande wetu. Mwaka 2012 Malawi yenyewe ililalamika kwamba wavuvi wake wanasumbuliwa. Hatuombi upendeleo. Tunaomba utaratibu utakaomlinda mvuvi mdogo wa kila upande, kwa sababu mwera hauulizi uraia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hili ndilo ombi letu kubwa, na tunaomba ulipokee kama lilivyo. Wakati mpaka wenyewe unaendelea kujadiliwa, Serikali yetu na Serikali ya Malawi zitie saini makubaliano ya muda, ya maandishi, kuhusu uvuvi mdogo na usalama ziwani. Leseni ya mvuvi mdogo ya upande mmoja itambulike upande wa pili. Chombo kilichopelekwa na upepo kirudishwe pamoja na nyavu na injini yake. Vituo vya doria vya Mbamba Bay na Nkhata Bay ya Malawi viwe na namna ya kuwasiliana usiku ule ule chombo kinapopotea, badala ya mama kukaa ufukweni akingoja habari za wapita njia. Na iandikwe wazi kwamba hakuna neno lolote humo litakalohesabiwa kuwa nchi yoyote imeachia dai lake. Mpaka ubaki mezani kwa wakubwa, na mvuvi arudi nyumbani na nyavu zake.

Tunajua tutaambiwa jambo hili ni gumu. Tunaomba tukumbushe kwa unyenyekevu kwamba nchi yetu imeshalifanya. Mwaka 1976 Tanzania na Kenya zilipokubaliana mpaka wa bahari kwa kubadilishana barua, waliwakumbuka wavuvi wenyeji wanaovua kwa kujikimu. Waliruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini upande wowote wa mstari kwa kufuata kanuni zilizopo, na nchi mbili zikakubali kutambuliana leseni za wavuvi hao. Kama iliwezekana Vanga ya Kenya na Moa ya kwetu karibu miaka 50 iliyopita, hatuoni kwa nini isiwezekane Liuli na Likoma, kisiwa cha Malawi. Huko Bakassi, rasi iliyogombewa na Nigeria na Cameroon, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2002 kwamba eneo ni la Cameroon, lakini Nigeria na Cameroon walilazimika kukaa tena mwaka 2006 na kuandika ulinzi wa wakazi, pamoja na haki zao za kuvua. Hukumu peke yake haikuwatosha watu wa pale. Sisi tungependa watu waandikwe kwanza.

Na hatuhitaji kwenda mbali. Mto Songwe huhama njia yake kwa mafuriko, na nchi hizi hizi mbili zimeweza kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde lake, ofisi zake zikiwa Kyela. Wanakaa pamoja kuhusu mto huku suala la ziwa likiwa halijaisha. Tunaomba wakae hivyo hivyo kuhusu usipa.

Pamoja na hilo, tunaomba kikao chochote cha wataalamu kuhusu ziwa kiwe na nafasi ya kumsikiliza mvuvi. Hatuombi kupiga kura wala kutia saini. Tunaomba kiti kimoja, hata cha nyuma. Watu wanaochora mistari kwenye ramani wanastahili kuambiwa na mtu anayejua usipa unapokaa mwezi ukiwa gizani. Na tunaomba, angalau mara moja kwa mwaka, afisa wa Serikali aje kwenye mkutano wa hadhara atueleze mazungumzo yamefika wapi. Akitwambia bado, tutamshukuru. Mrejesho wa kusema "bado" nao ni mrejesho.

Yapo maombi mengine, jokofu la mwalo na boti ya uokoaji, ambayo katibu ameyaambatanisha kwenye nakala utakayokabidhiwa. Hatutakuchosha nayo. Ukituletea jokofu na kuliacha ombi lile la kwanza, tutakuwa tumegandisha samaki tunaoogopa kwenda kuwavua.

Wazee wetu wanatuagiza tuseme na hili. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa na makao Likoma ndio walioleta kanisa na shule mwambao huu. Mabibi zetu waliolewa ng'ambo na mabinti wa ng'ambo wameolewa hapa. Misiba tunazikana. Hatuna ugomvi na Wamalawi, na hatutaki siku moja watoto wetu waukute ugomvi uliotokana na karatasi ambayo hakuna mmoja wetu aliyeiandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuwa utapanda jukwaani muda si mrefu kutupa nasaha zako, tunakuomba kwa heshima zote utujibu mambo mawili kabla ya kutugawia vyeti: ombi hili la makubaliano ya muda utalifikisha kwa nani, na ni mwezi gani tutarajie mtu wa kutuletea majibu. Katibu wetu amekaa na daftari wazi. Mwezi utakaoutaja ndio tutakaouandika, na mkutano wetu wa kuyasubiri majibu hayo tutauitisha mwezi huo.

Tunakutakia afya njema, safari njema ya kurudi, na baraka katika kazi zako.

Tunaomba kuwasilisha.