Nina swali la mkia wa papa

Ng'ong'ona, Dodoma
Jumapili usiku

Hamisi ndugu yangu,

Salaam nyingi. Habari za Tanga, habari za shemeji na watoto? Huku hatujambo, ila upepo wa Dodoma unaujua: asubuhi unafuta meza ya steshenari, mchana unaandika jina lako kwenye vumbi kwa kidole. Biashara ipo ipo tu. Wanachuo wamefunga, mashine ya fotokopi inapumzika kuliko mimi.

Na nafasi hiyo ndiyo iliyoniponza. Kabla hawajafunga, kijana mmoja alikuja kuprinti kurasa zenye picha ya dude lenye mdomo mrefu, meno kibao, macho kama sahani. Nikamuuliza, huyu naye samaki gani? Akasema si samaki, ni reptilia, jamaa wa mijusi na mamba. Nikacheka. Akanionyesha kozi yenyewe: iko mtandaoni, ya Chuo Kikuu cha Alberta kule Canada, kuhusu reptilia wa baharini wa zama za kale. Nikajisajili usiku uleule kwenye kompyuta ya dukani. Mama Neema akauliza, "Cheti chake kitaleta unga?" Nikamwambia cheti kinalipiwa, kwa hiyo hata hicho sichukui. Akanitazama lile jicho lake unalolijua.

Sikufichi, mwanzoni nilikuwa naambulia nusu. Kiingereza chao cha mbio. Nasimamisha video, naandika neno, narudisha nyuma. Siku moja umeme ukakatika katikati ya jaribio, nikaanza tena swali la kwanza. Kilichonishika nisiache ni mkia.

Lile dude linaitwa ikthiosauri. Mababu zake walitembea nchi kavu kwa miguu minne, kisha kizazi kwa kizazi wakarudi majini, kama walivyokuja kufanya mababu wa pomboo. Miguu ikawa makasia, mwili ukachongoka kama wa jodari. Mifupa yake iliwatoa watu jasho kule Lyme Regis, pwani ya Uingereza, ambako binti mmoja, Mary Anning, na kaka yake walimtoa kwenye mwamba mnyama mzima kati ya 1811 na 1812. Fuvu alilipata kaka, mwili akautafuta binti, naye hata miaka 14 hajafika. Sasa, kwenye mifupa ya aina hii wataalamu wakaona uti wa mgongo, ukikaribia ncha ya mkia, unapinda kwenda chini. Huyu umepinda, na yule umepinda, palepale. Kuna waliodhani umeteguka baada ya mnyama kufa. Mpaka Ujerumani yalipopatikana mawe yaliyohifadhi hata alama ya ngozi, ndipo ikaonekana: mkia una pembe mbili kama mwezi mwandamo, na uti unaingia pembe ya chini. Haukuteguka. Ndivyo alivyoumbwa.

Kesho yake nikanunua perege wa Mtera kwa mama ntilie wetu. Badala ya kula, nikaanza kumchambua mkiani kwa kijiti. Uti wa perege unaishia pale mkia unapoanzia, halafu miiba inatawanyika kama ufagio wa chelewa. Mama akaja juu: "Samaki wangu ameoza?" Nikasema mzima kabisa, natafuta mgongo unakoishia. Tangu siku hiyo ananiita Daktari, na si kwa heshima.

Mengine nakupa kwa kifupi, maana nikianza hatulali. Mosasauri alikuwa wa kundi moja na kenge na nyoka, ila wapo waliopita mita 12, na mbali na meno ya taya alikuwa na mengine juu kaakaani, ya kuvutia windo liende kooni. Plesiosauri ndiye wa shingo ndefu na makasia manne. Mmoja wao, Elasmosauri wa Kansas, aliunganishwa na Mmarekani Edward Drinker Cope, msomi mkubwa kabisa, akambandika kichwa kwenye ncha ya mkia! Alipogundua kosa akahangaika kuzinunua nakala za maandishi yake azifiche. Hapo nilicheka peke yangu dukani kama mwehu.

Mama Neema hakuijali kozi hii hata kidogo, mpaka usiku alipopita nyuma yangu akiwa na beseni na kwenye skrini kuna jiwe la Ujerumani: ikthiosauri jike na mtoto anatoka, mkia umetangulia. Hawa hawakutaga, Hamisi, walizaa. Aliweka beseni chini. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Maskini, amekufa na uchungu wake." Akaenda zake. Siku mbili baadaye akauliza kama kuna picha nyingine.

Najua utaniuliza, kwani hawawezi kuwa wamebaki mahali? Nyie Tanga mna silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Nami niliwaza hivyo. Lakini silikanti anapumua majini, anaweza kujifungia kilindini asionwe na mtu. Plesiosauri alikuwa na mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa. Angekuwepo, wavuvi wenu wangeshampa jina la utani.

Kinachoniuma ni kwamba hapa kwetu sitapata hata jino. Majabali tuliyokuwa tunateleza juu yake utotoni yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, yalipoganda hapakuwa na mnyama mwenye mfupa duniani. Wewe ndiye umekalia mali. Mwaka 1924 mtaalamu wa mifupa ya kale, Sidney Haughton, alimwelezea reptilia aliyetoka kwenye miamba ya Tanga, mwenye zaidi ya miaka milioni 250, mkubwa kuliko wazee wa ikthiosauri kwa umri, mkia mrefu uliowafanya wamdhanie muogeleaji. Akamwita Tangasaurus! Hata ukoo mzima umepewa jina hilo, pamoja na ndugu yake wa Madagaska aliyekuwa anameza kokoto zimsaidie kuzama. Mji wako umo vitabuni dunia nzima, na miaka yote hii unaniandikia habari za machungwa ya Muheza.

Sasa nakutuma. Nimesoma kuwa papa ni kinyume cha ikthiosauri: uti wake unapanda kwenye pembe ya juu ya mkia. Papa wa huku anafika mkavu, vipande vipande, mkia wenyewe hauonekani. Ukipita soko la Deep Sea asubuhi, mwombe muuzaji akupasulie mkia mmoja katikati, kwa urefu, upige picha unitumie. Hela ya kumlainisha nitarusha kwenye simu. Akikuuliza ni wa nini, usiseme ni wa mimi.

Shemeji msalimie sana. Neema anauliza lile ganda la kombe ulilomwahidi wakati wa Idi.

Nduguyo,
Yoeli