Maji ya jangwani yahifadhiwa mwambani, tusiyachimbe kwa pupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji ya majangwa ya milimani. Habari nyingi za Sahara hutuonyesha mchanga mtupu, na msomaji huishia kuamini kwamba maji huko hupatikana kwa bahati tu. Sivyo. Kaskazini mwa Chad, umbo la ardhi ndilo huamua maji yakae wapi.

Tibesti ni safu ya milima ya volkano, na kilele chake cha Emi Koussi, chenye mita 3,415, ndicho kirefu kuliko vyote katika Sahara. Kusini-mashariki yake ipo Ennedi, nchi ya mawe ya mchanga iliyochongwa na upepo na maji ya kale mpaka ikawa nguzo, matao na makorongo. Mvua ni haba, lakini inaponyesha, mwamba mtupu hauinywi yote: sehemu hupenya kwenye nyufa, na nyingine huporomoka hadi makorongoni, ikatuama chini ya kuta ndefu ambazo kivuli chake huyakinga maji yasikaushwe upesi na jua. Madimbwi hayo huitwa gelta. Katika gelta ya Archei, wafugaji hunywesha ngamia kwa mamia hata maji yakawa meusi kwa kinyesi. Kinyesi hicho hurutubisha mwani, samaki hula mwani, na mamba wachache, masalia ya zama ambazo Sahara ilikuwa na mito, hula samaki. Ukiharibu kidimbwi kimoja, umeua vyote hivyo kwa pamoja.

Maziwa 18 ya Ounianga, yaliyo kati ya Tibesti na Ennedi, yana habari tofauti. Mvua ya mwaka haifiki milimita 2, na maziwa hayo huishi kwa maji ya chini ya ardhi yaliyowekwa akiba maelfu ya miaka iliyopita. Baadhi yana maji yasiyo na chumvi kwa sababu matete yaeleayo huyafunika na kupunguza maji yanayogeuka mvuke.

UNESCO iliyatambua maziwa hayo mwaka 2012 na Ennedi mwaka 2016, jambo la kushukuru sana. Hata hivyo, hadhi ya urithi wa dunia haiongezi tone la maji. Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kila litakaporipoti visima vipya jangwani, liwaulize wahusika kama wanachota maji ya mvua za miaka hii au akiba ya kale isiyorudi.

Msomaji wako