Mheshimiwa Gavana wa Kisumu, bandari yetu ya zamani isifukiwe

Mheshimiwa Gavana, salamu kutoka Kondele. Naandika kuhusu ufuo wa Ziwa Victoria, hapo bandari ya zamani, kwa sababu kila mtu sai anaongea kuhusu kupapendezesha na mimi pia nataka papendeze, lakini naomba kabla tingatinga haijaingia tujue kwanza ni nini kitabaki.

Hii mji ilianzia hapo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika 1901, pakaitwa Port Florence, jina la mke wa Preston, injinia wa reli. Halafu zikaja meli, Nyanza, Usoga, Rusinga, zote zimeundwa Scotland zikaletwa vipande vipande, chuma juu ya chuma zikapanda treni hadi hapa na zikaunganishwa hapa hapa Kisumu. Hiyo kazi ilifanywa na mikono ya watu, na mimi sijawahi kuona jina la fundi hata mmoja limeandikwa pale. Na MV Uhuru ya 1966, meli yenye mabehewa ya treni yanaingia ndani yake yakiwa na mzigo yavuke ziwa, mtoto wa Kisumu anamaliza shule bila kuelezwa hiyo kitu inafanya kazi aje. Hii inaniuma sana.

Kuna mji Marekani unaitwa Buffalo, uko kando ya ziwa kama sisi. Mfereji wa Erie ulifunguliwa 1825, karibu kilomita 584 kutoka mto Hudson mpaka hapo, ukatajirisha mji, kisha reli ikachukua mizigo na mwishowe gati la mfereji likafukiwa. Wakati wa kulifufua, mpango wa kwanza ulikuwa wazike mawe ya zamani wajenge mengine ya kuiga! Wananchi wakakataa, wakaenda mpaka kortini, mpango ukabadilishwa na 2008 gati likafunguliwa tena na mawe yake yenyewe. Watu wanaenda kuona kitu halisi, si ukuta mpya wa simiti wenye imepigwa rangi.

Sasa sisi tuko na chelezo ya kutengenezea meli, tuko na reli inayoingia mpaka gatini, na treni ya abiria ya Nairobi ilirudi 2021. Mgeni anashuka tu anatembea. Akisikia njaa akute mama wa samaki hapo hapo, ngege na ugali, kwa hivyo tafadhali hao akina mama wapewe nafasi yao kwenye mchoro mapema, si kufurushwa halafu waambiwe waombe tenda. Hayasinti, yale magugu ya ziwani, nayo itolewe kila wakati, si wakati wa sherehe pekee.

Najua ardhi nyingi hapo ni ya Shirika la Reli na gati ni la Mamlaka ya Bandari, kaunti haina amri yote. Lakini wewe ukiwaita watakuja. Waite pamoja na Makavazi ya Kitaifa, wavuvi, na wazee waliofanya kazi kwenye hizo meli wenye bado wako hai, kiandikwe wanachokumbuka, na mchoro ubandikwe hadharani tuupitie kabla kontrakta hajalipwa.