Kwa Mama Neema: kwa nini walirudi wakifurahi

Dodoma

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za huko, baba Neema na watoto hawajambo? Sisi tuko kwenye mavuno. Mwaka huu uwele umekubali kuliko mahindi, na siku ya Kupaa Bwana kuna akina mama waliokuja ibada ya jioni moja kwa moja kutoka kupepeta, makapi yameshika kwenye kanga. Tulikuwa wachache. Alhamisi ni siku ya kazi, na wengi wakishamaliza Pasaka wanangoja Pentekoste tu. Inaniuma.

Swali lako nimekaa nalo. Unasema tangu mama yako azikwe huna raha na sikukuu hii ya Kupaa, maana kuondoka ni kuondoka, na Yesu naye aliwaacha waliompenda. Sikutaka kukujibu kwa simu.

Soma mwisho wa Luka 24. Yesu aliwaongoza wanafunzi wake mpaka Bethania, akainua mikono yake akawabariki, na akiwa bado anawabariki akachukuliwa juu. Luka hasemi kwamba aliishusha ile mikono. Katika Walawi 9, kuhani Haruni aliinua mikono akawabariki watu, kisha akashuka. Huyu wetu alibariki akapanda, na mikono ile ndiyo aliyokuwa amewaonyesha jioni ya ufufuo wake. Hapo ndipo moyo wangu unapokaa, rafiki yangu: alipaa na mwili. Mwana wa Mariamu, aliyeona njaa, aliyechoka akaketi kisimani Samaria, aliyelia kwenye msiba wa Lazaro, ndiye aliyeketi mkono wa kuume wa Baba. Hakuuacha ubinadamu wetu mlimani. Kilio chako cha makaburini anakijua kwa kuwa na yeye amelia.

Hapa Dodoma unajua ilivyo, mtu akitoka kijijini kufuatilia jambo lake maofisini, ndugu humwuliza kwanza: "Una mtu kule?" Sisi tunaye. Waebrania 9:24 inasema aliingia mbinguni hasa, "aonekane sasa usoni pa Mungu kwa ajili yetu." Wala usidhani Baba ni mgumu mpaka abembelezwe, ni yeye aliyemtuma Mwana, tena kwa upendo. Lakini siku ambazo huwezi kuomba, ukipiga magoti maneno hayaji, jina lako linatajwa. Hilo halitegemei nguvu zako.

Kuhusu kutuacha, fikiri hivi: angebaki Yerusalemu, sisi wa Mvumi na Kongwa tungemfuata kwa nauli gani? Mwenyewe alisema yafaa aondoke, ili Msaidizi aje. Kwa Roho wake yuko nyumbani kwako asubuhi hii kama alivyo hapa kwangu. Na Stefano, aliyeuawa kwa ajili ya imani, muda mfupi kabla hawajamponda mawe alimwona Yesu amesimama. Mahali pengine Maandiko yanasema ameketi. Kwa Stefano alisimama. Nikifika hapo huwa nafunga Biblia kwanza.

Ndiyo maana wale kumi na mmoja walirudi Yerusalemu na furaha kuu, ingawa hawakumwona tena kwa macho. Sikuambii uache kumlilia mama. Lia. Ila alizikwa akimtumaini Kristo aliyesema anakwenda kutuandalia mahali, na malaika wakasema Yesu huyu huyu atarudi. Bado tunangoja, na kungoja kunachosha, hilo nalijua.

Ukipata nafasi, soma Waebrania 4:14-16 kwa sauti, pamoja na Neema, kisha unipigie jioni tuombe pamoja. Akina mama wa kwaya wanakusalimu sana. Karanga nimeshakutengea, nitazipakia kwenye basi tukimaliza kupukuchua.

Wako katika Bwana,
Mama Tumaini