Barua ya wazi kwa marubani mnaolaza ndege Dodoma

Wanangu, wajukuu zangu, mbukwenyi.

Mimi ni mzee wa Veyula, hapa njia ya Arusha, jirani na huko Msalato wanakojenga kiwanja kipya. Nilirusha ndege ndogo miaka ishirini na kitu, sehemu kubwa Cessna za injini moja, kutoka Dodoma kwenda Singida, Kondoa, Mpwapwa na viwanja vingine ambavyo kabla ya kutua ilibidi upite chini kwanza ufukuze mbuzi. Siku hizi nalima zabibu. Nalisema mapema ili mtu asije akanirukia: ndiyo, zabibu zangu zinanunuliwa na watu wa mvinyo, ndizo zilizosomesha wanangu wawili wa mwisho, na sikuja kuwaambia kwamba mvinyo ni kazi ya shetani. Nina ekari moja na nusu ya huyo shetani.

Ninawaandikia kwa sababu ya jambo nililoliona msimu wa mavuno uliopita.

Nilikuwa nimepeleka matenga mawili ya zabibu kwenye bustani moja ya nyama choma pale mjini, nikakaa kungoja hela yangu. Meza ya pili walikuwepo vijana wanne. Hawakuvaa sare, lakini rubani hajifichi kwa rubani: walikuwa wanabishana kuhusu upepo wa pembeni wa Songwe, mmoja anaonyesha kwa kiganja jinsi ndege ilivyoingia pua imepinda. Mkubwa wao, kapteni, alikuwa mcheshi, mwepesi wa kutoa ofa. Mhudumu akaja na swali letu la siku zote: za moto au za baridi? Mdogo kuliko wote akasema yeye aletewe soda.

"Soda?" kapteni akauliza. "Kwani umeokoka?"

"Hapana, kapteni. Niko kwenye dozi."

"Dozi ya nini?"

Meza nzima ikacheka. Mwenzao mmoja akaongeza la kwake, ambalo siliandiki hapa. Kijana naye akacheka, ili yaishe. Kapteni akamwambia mhudumu, "Mletee ya watu wazima, ya baridi, niandikie mimi." Ikaletwa, ikafunguliwa mbele yake, kizibo kikaviringika mpaka karibu na mguu wangu. Aliitazama kidogo, kisha akainywa. Ilikuwa saa tatu kasoro usiku. Ya pili sikuiona ikiagizwa, niliiona imeshafika mezani.

Kesho yake, saa moja na dakika zake asubuhi, niko shambani nafunga matawi, ndege ikapita juu yangu. Sijui kama ilikuwa ya kwao. Niliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea, na kamba bado iko mkononi.

Mtaniambia: Mzee, bia mbili, saa kumi kabla ya kazi, kosa liko wapi? Kwa hesabu pengine halipo. Kanuni ya Marekani inataka ziwepo saa 8 kati ya kinywaji cha mwisho na kazi, na kilevi kwenye damu kisifike asilimia 0.04. Sheria ya Uingereza inaangalia damu yenyewe: rubani asizidi miligramu 20 kwa mililita 100, wakati dereva wa gari pale England anaachiwa mpaka 80. Vitabu vya kampuni nyingi vinadai saa 12, vingine 24. Mnayajua haya kuliko mimi, mmeyafanyia mitihani.

Ila nimewaona watu wanavyoitumia ile saa 8. Wameigeuza kipenga cha kufunga mchezo. Ndege inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, basi saa nne kamili usiku meza inakimbizana na kreti. Hesabu ya mwili haiko hivyo. Chupa moja ya nusu lita, ya asilimia 5, ina kama gramu 20 za kilevi, na mwili wa mtu wa kawaida unatoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Aliyeanza saa moja jioni akamaliza chupa tano, saa moja asubuhi anaweza bado kuwa na mabaki, hata kama ya mwisho aliinywa saa nne. Supu ya kongoro haiharakishi. Kahawa haiharakishi, wala maji ya baridi. Na sikio la ndani, lile linalowaambia juu ni wapi na chini ni wapi mkiwa mawinguni, linachelewa kupona kuliko damu: kipimo kinaweza kusoma sifuri, ukageuza kichwa ghafla, na dunia ikageuka nacho.

Hayo nayaacha. Mtu anaweza kutii kila kanuni hapo juu na bado meza ile ikawa na hatari. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba yule kijana alisema hapana, kwa heshima, tena akaipamba kwa uongo wa dozi ili isimkere mkubwa, na bado haikupokelewa. Sasa mpeleke asubuhi ile kwenye kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi. Mbele kuna mvua, mwendo wa ndege hauko sawa, njia ya kutua imekuja haraka, na kapteni wake ni yule yule mcheshi wa jana. Kazi ya msaidizi hapo ni kusema kwa sauti, "Tupae tena, tusitue." Mtu aliyeshindwa kukataa bia atalitoa wapi neno hilo?

Kuna ajali moja ambayo mimi, kama Mgogo, siwezi kuisahau, kwa sababu ilibeba ng'ombe. Tarehe 13 Januari 1977, ndege ya mizigo ya Japan Airlines, DC-8, iliruka kutoka Anchorage, Alaska, ikiwa na ng'ombe 56 wa nyama. Ilianguka mara tu baada ya kupaa. Watu watano walikufa, na ng'ombe wote. Kapteni alikuwa amelewa sana. Wachunguzi walitaja barafu kwenye ndege na jinsi alivyoishika, lakini walitaja pia kwamba wenzake wawili wa mbele, wote wadogo kwake, hawakumzuia asiruke. Aliyesema alikuwa dereva wa teksi. Alimbeba kapteni kwenda kiwanjani, akaona hali yake, akatoa taarifa ofisini kwao, na ofisi ikawapigia watu waliokuwa wanaihudumia ndege. Wakajibiwa kwamba haiwezekani kapteni akawa amelewa. Wenzake wangekuwa wameshaona.

Wenzake walikuwa wameshaona.

Miaka 16 kabla ya hapo, Januari 1961, DC-3 ya shirika la Finland iliua watu wote 25 waliokuwamo karibu na Kvevlax. Huko kapteni na msaidizi wake wote walikuwa wamekunywa usiku uliotangulia. Hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake.

Narudi kwa dereva wa teksi, maana ananiumiza. Mtu wa usukani wa gari alipiga simu. Mimi, rubani mstaafu, nilikuwa meza ya pili, nilisikia kila neno, nikahesabu hela yangu ya zabibu nikaenda nyumbani. Nilijiambia si kazi yangu, nitaonekana mzee anayewaonea wivu vijana. Hivyo barua hii haiandikwi na mtu msafi.

Na si mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mimi ndiye niliyekuwa wa kuzuiwa. Usiku tulikunywa dompo, ule mvinyo wetu mtamu unaoteleza kama juisi halafu unakugeukia baadaye. Asubuhi nilikuwa na safari na nesi mwenye boksi la chanjo. Nikainama chini ya bawa kutoa mafuta kwenye kikombe cha plastiki ili nione kama yana maji. Mnajua inavyokuwa: mafuta yana ubuluu hafifu, maji yakiwemo yanakaa chini kama tone la kioo. Niliinua kikombe kwenye jua. Kitu kilikuwa kinatikisika mle ndani, na sikuweza kujua kama ni tone la maji au ni mkono wangu. Nikamwaga, nikatoa tena. Kikatikisika tena. Nesi alikuwa amekaa juu ya boksi lake kwenye kivuli cha bawa, ananitazama kwa imani yote.

Fundi wetu, mtu wa Singida, asiyesema sana, alikuja akakichukua kile kikombe mkononi mwangu. Akakitazama kidogo. Kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba magneto ya kushoto, kile kifaa cha kutoa cheche za injini, ina matatizo, ndege hairuki leo. Chanjo zikaenda kwa Land Rover, zikachelewa. Alasiri nilimfuata kwenye karakana nikamuuliza kuhusu magneto. "Nzima," akasema. "Nimeandika la ndege kwa sababu kitabu cha ndege hakina ukurasa wa rubani."

Nimemshukuru fundi yule miaka yote. Hata hivyo kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoona kwamba alinifichia aibu yangu, nami nikaiweka akiba. Nilikunywa miaka miwili mingine, kwa uangalifu zaidi, maana yake kwa kujificha zaidi. Kuacha kwenyewe kulihitaji daktari mmoja na mke mwenye msimamo, na habari hiyo ni ndefu na si yangu peke yangu. Mficha uchi hazai, nasi kwenye kazi hii tunafichana mpaka tunaitana ndugu kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana nawaomba wakubwa wa vituo, makapteni wakuu, na chama chenu: ule ukurasa wa rubani uwepo. Marekani, tangu miaka ya 1970, wana mpango unaokutanisha daktari, kampuni na chama cha marubani; anayejitaja anatibiwa, anafuatiliwa kwa karibu, na wengi wamerudi angani. Tena huko kuna Lyle Prouse. Machi 8, 1990 alirusha Boeing 727 ya Northwest Airlines kutoka Fargo kwenda Minneapolis, wote watatu wa mbele wakiwa na kilevi. Walitua salama, wakakamatwa. Alihukumiwa miezi 16, akapoteza leseni na kazi. Aliacha pombe, akaanza upya leseni zote kama mwanafunzi, kampuni ile ile ikamrudisha, akastaafu akiwa kapteni wa 747, na mwaka 2001 Rais Clinton akamsamehe. Kwetu anayejitaja anaogopa jina lake litamtangulia kiwanjani. Kwa kuanzia, kila kituo kiwe na mstaafu mmoja asiyeshika rosta ya mtu wala kuandika ripoti ya mtu, wa kupigiwa simu hata usiku wa manane. Sisi wazee tupo, hatuna kazi nyingi, na usingizi wenyewe umeshapungua.

Nanyi msiokunywa, wengine kwa dini, wengine kwa sababu baba aliwafundisha kwa mfano mbaya, wengine kwa kuwa hamuipendi tu: acheni habari za dozi. Semeni "situmii" na mkate nyama. Mabinti nasikia wanaulizwa swali lao peke yao, kama ni wajawazito. Anayeuliza hivyo ajue anauliza mbele ya watu atakaowaomba wamsaidie siku injini moja ikizima.

Wewe kapteni wa bustani ile, unajijua. Mimi ni yule mzee wa kofia ya pama, mwenye matenga mawili miguuni. Sikukuchukia, hata ucheshi wako niliupenda. Mavuno yanakaribia tena na pale ndipo ninapouza. Nikikukuta umekaa na vijana wako nitahamia mezani kwenu bila kuitwa, nitampa mkono yule mdogo kwanza, na mhudumu akija nitaagiza soda mbili, yangu na yako. Za baridi. Niandikie mimi.

Mzee wenu,
Veyula, Dodoma