Kaka, pesa ya wakili sitaituma

Kaka mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako wa kuomba pesa za wakili niliupokea juma lililopita, nikakaa nao siku sita bila kujibu, wala si kwa sababu sina. Mwaka huu Mungu amenitendea makuu: nimefaulu ule mtihani ulionishinda mara mbili, na tangu mwezi uliopita mimi ndiye msimamizi wa zamu ya usiku, nikiwa na watu 11 chini yangu, wengi wao wazaliwa wa huku. Mwambie Mama kwa maneno hayo hayo, maana yeye ndiye aliyefunga na kuomba. Habari za baridi tuziache.

Pesa ipo, Kaka, lakini ya kumshtaki mdogo wetu sitaituma.

Najua amekukosea. Amepokea kodi ya nyumba ya Baba kwa miezi 14 bila kutoa hesabu, na ulipomuuliza alikujibu kwa ukali mbele ya watoto wako, jambo lililoniuma hata mimi niliye mbali. Hata hivyo, liko swali ambalo katika simu zetu zote hatujawahi kuulizana: ni lini uliketi naye, wewe na yeye, bila mtu wa tatu? Ulianzia kwa Baba Mdogo, ukaenda kwa wazee wa kanisa, kisha jambo likaingia katika kundi la familia, na humo mimi ndiye niliyemwita mwizi. Bwana alitupa utaratibu katika Mathayo 18: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu", shahidi mmoja au wawili huitwa iwapo hakusikia, na kanisa huambiwa baadaye. Sisi tuliugeuza utaratibu huo juu chini, tukamwaibisha mbele ya ukoo mzima, kisha tukashangaa kwamba hakiri kosa. Sasa unataka twende mahakamani, wakati Paulo aliwaona Wakorintho kuwa wameshindwa tayari kwa kule kushtakiana tu ndugu kwa ndugu.

Sisemi hesabu ifutwe, na naomba usinielewe hivyo. Zakayo aliposimama mbele ya Bwana hakuomba yaliyopita yasahauliwe. Aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Mdogo wetu atatoa hesabu, na kilicho chako utakipata, lakini ataitoa kwako akiwa ndugu yako, si akiwa mshtakiwa wako.

Sehemu yangu nimeianza. Jumapili iliyopita nilikuwa na bahasha ya shukrani kwa ajili ya mtihani, na nikiwa katika foleni ya kutoa sadaka nikalikumbuka lile neno la Mathayo 5, ambalo nimelisoma tangu utotoni bila kuona kwamba haliulizi nani ana haki. Linasema ukikumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende upatane naye kwanza. Mwenye neno juu yangu ni mdogo wetu. Nilirudi kitini na bahasha yangu mkononi, na jioni nikampigia, hakupokea. Siku ya pili alipokea, nikamwomba radhi kwa neno "mwizi" bila kuongeza "lakini" yoyote, ingawa ulimi uliwasha. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema tu, "Nimekusikia, Dada." Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha. Bahasha bado iko ndani ya Biblia yangu.

Usiku huo nilisoma tena habari za Yakobo, kwa kuwa naye alikaa ugenini miaka 20 huku ndugu yake akimwekea kinyongo. Alipokuwa akirudi alitanguliza zawadi: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, zaidi ya 500, akitumaini kwamba zitamtuliza Esau kabla hawajaonana uso kwa uso. Nilijiona mle, Kaka. Tangu tumzike Baba nimekuwa nikituma pesa kila mnapozozana, nikidhani natuliza, kumbe nakwepa kuja. Esau alipoziona zile zawadi alijibu, "Ninayo tele, ndugu yangu". Wakati huo walikuwa wamekwisha kukumbatiana na kulia pamoja, baada ya Yakobo kuwapita watu wake, akaenda mbele na kuinama mara saba.

Kwa hiyo zile pesa nimezikatia tiketi. Nimepewa likizo ya majuma matatu mwezi Desemba. Kabla sijafika, nakusihi umwendee mdogo wetu nyumbani kwake, usiende na Baba Mdogo wala daftari la kodi, umsikilize hata akianza kwa ukali. Asipokusikia, mimi nitakuwa yule shahidi mmoja, nasi watatu tutaketi chumbani kwa Mama, mlango ukiwa umefungwa.

Mwambie Mama asiache kuniombea saa ile ya jioni. Huku huwa ni usiku wa manane, nami huwa macho kazini, na ndiyo saa ninayowakumbuka kuliko zote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye katika Kristo.